Ufa wa Mai Mahiu na Ufa Wenyewe

Machi 2018 mvua ilinyesha kwa fujo, na karibu na Suswa, kwenye barabara itokayo Mai Mahiu kwenda Narok, ardhi ikafunguka. Lilikuwa korongo la kutisha. Mahali pengine kina chake kilifika mita 15, na upana wake haukuwa mbali na hapo. Barabara ilikatika na watu wakahamisha vyombo vyao. Picha zilifika kwenye simu za Nairobi upesi kuliko habari yenyewe, zikiandamana na maneno yale yale: Afrika inapasuka vipande viwili.

Shangazi yangu anaishi Ngong. Alinipigia simu usiku.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma mambo ya ardhi. Hii ploti yetu itabaki upande gani?"

Nilimwambia asiogope, hakuna kitu. Jibu hilo limenikera tangu siku ile kwa kuwa lilikuwa nusu ya ukweli. Korongo la Suswa halikuwa Afrika ikipasuka. Lakini Afrika inapasuka kweli, na ploti ya shangazi iko ukingoni kabisa mwa mpasuko huo. Anastahili jibu refu, na ndilo hili.

Nianze na korongo. Sakafu ya Bonde la Ufa kati ya Longonot na Suswa imefunikwa na majivu ya volkano, yaliyorushwa na milima hiyo hiyo kwa vipindi vingi. Ni udongo mwepesi usioshikana. Maji ya mvua yakiupenya huuchukua kidogo kidogo kwa chini, yakijichimbia njia ambazo mtu aliye juu hazioni, mpaka siku moja dari inaporomoka na shimo kujitokeza kama lililozaliwa usiku huo. Baadhi ya wanajiolojia waliona kwamba maji yalikuwa yakifuata nyufa za kale zilizozikwa na majivu. Inawezekana kabisa. Ufa wa kale unaweza kuyaonyesha maji pa kupita, lakini aliyechimba ni maji.

Hata hesabu inakataa. Pande mbili za Bonde la Ufa hapa Kenya zinaachana kwa milimita chache tu kwa mwaka. Tukisema ni milimita 3, kupata pengo la mita 15 kunahitaji miaka 5,000. Mara nyingi husemwa kwamba ardhi husogea kwa mwendo wa ukucha unavyoota. Kwa Bahari ya Atlantiki mfano huo si mbaya sana, lakini kwa bonde letu unatia chumvi, kwa sababu ukucha wa mkono huota kama milimita 3 kwa mwezi, na sisi tunazungumzia mwaka mzima. Tangu bendera ya Kenya ilipopandishwa Desemba 1963, Nairobi na Narok hazijaachana hata kwa urefu wa rula ya mwanafunzi.

Sasa ni kitu gani hasa kinachosogea?

Ngozi ya nje ya dunia si kipande kimoja. Imegawanyika kuwa mabamba, makubwa saba hivi na madogo kadhaa, na kila bamba lina unene wa kilomita 100 au zaidi chini ya mabara. Watu wengi hudhani bara ndilo linalosafiri kama jahazi baharini. Sivyo. Bara ni abiria, na bamba ndilo chombo. Nairobi iko juu ya bamba la Somalia, pamoja na Mombasa, pamoja na sakafu ya bahari inayoenea mbali kuelekea katikati ya Bahari ya Hindi. Ukivuka Bonde la Ufa na kupanda ukuta wa magharibi, umeingia kwenye kipande kingine kidogo kilichobeba Ziwa Victoria na sehemu kubwa ya Tanzania. Ukiendelea mpaka ng'ambo ya Ziwa Albert na Ziwa Tanganyika, hapo ndipo umefika bamba la Nubia, lililobeba sehemu kubwa ya Afrika iliyobaki. Abiria wa basi la Kisumu huvuka mpaka wa mabamba wakiwa wamelala. Ila mpaka huo si mstari unaoweza kukanyaga, ni ukanda wenye upana wa makumi ya kilomita, wote ukivutwa kwa pamoja.

Chini ya mabamba kuna tabaka nene sana la mwamba linaloitwa mantili, na hapa ndipo picha za shuleni zimetupotosha wengi. Mantili huchorwa kwa rangi nyekundu na ya machungwa, nasi tukakua tukiamini kwamba tunaelea juu ya bahari ya moto. Mantili ni mwamba mgumu. Ungeweza kuugonga kwa nyundo kama ungefika. Ila una joto kali kiasi kwamba, ukipewa muda mrefu, hutiririka. Anayeshindwa kukubali kitu kigumu kutiririka aende Barabara ya Mombasa atazame lami mahali ambapo malori yaliyosheheni hupanda mlima polepole. Lami ile ni ngumu, ukianguka juu yake utachubuka. Lakini chini ya uzito na jua, mwaka baada ya mwaka, imesukumwa kando ikafanya mifereji ya magurudumu na matuta pembeni. Hakuna siku iliyoyeyuka. Mantili hufanya vivyo hivyo kwa mamilioni ya miaka, ikiendeshwa na joto lililobaki tangu dunia ilipoumbika na lile linalotolewa na madini ya mnururisho kama urani na thori yaliyotawanyika ndani yake.

Wazo hili, kwamba mabara husogea, lilichelewa kukubaliwa. Mjerumani Alfred Wegener alipolitangaza mwaka 1912 kwamba mabara yalikuwa kitu kimoja yakaachana, alikuwa na ushahidi mzuri wa miamba na visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, vilivyofanana pande mbili za Atlantiki, ila hakuweza kusema nguvu gani iliyasukuma. Alifia Greenland mwaka 1930 wenzake wengi wakiwa bado wanampinga. Kinachonigusa zaidi ni kwamba kidokezo kimojawapo kikubwa kilikuwa hapa kwetu muda wote. Mwaka 1893 mwanajiolojia John Walter Gregory alifika kwenye bonde hili, akatazama matabaka ya kuta zake, akaona kwamba halikuchimbwa na mto hata kidogo. Sakafu yake ilikuwa imeshuka kati ya mipasuko miwili inayokwenda sambamba. Yeye ndiye aliyelipa jina la bonde la ufa kwa lugha yake, na wanajiolojia bado huliita tawi hili la mashariki kwa jina lake.

Miaka 60 hivi baadaye, mwanajiolojia Mmarekani Marie Tharp alikuwa ameketi New York akichora ramani ya sakafu ya Atlantiki kutokana na vipimo vya kina vilivyoletwa na meli. Katikati ya safu ya milima iliyo chini ya bahari aliona bonde refu, jembamba, lenye kuta mbili. Mwenzake Bruce Heezen hakulikubali mwanzoni. Walipoweka alama za mahali matetemeko yalipotokea, zilifuata bonde lile la baharini, na tena zilifuata bonde hili letu la nchi kavu. Lilikuwa umbo lile lile. Kwa hiyo ukisimama kwenye vibanda vya kuuza ngozi za kondoo pale Limuru, ukitazama Longonot kule chini, unaona kwa macho kitu ambacho kwingi duniani kimefichwa na kilomita mbili tatu za maji.

Kinachotokea pale chini hufanana na unga wa chapati uliokandwa. Ukiuvuta huku na huku, haukatiki mara moja. Katikati hukonda kwanza, hubonyea, ndipo nyufa hujitokeza. Bamba nalo likivutwa hukonda. Sehemu yake ya juu, iliyo baridi na isiyopindika, hupasuka kwa mipasuko mirefu inayoinama kuelekea ndani, na kipande cha katikati huteremka ngazi kwa ngazi. Ngazi hizo unazipita kwa gari. Teremka kutoka Rironi kwenda Mai Mahiu na utaona barabara ikishuka, ikitulia kidogo, kisha ikishuka tena, na sweta uliyoivaa Limuru ikianza kukulemea.

Kisha volkano zinatoka wapi? Wengi hujibu kwamba ufa umefungua mlango na moto ukatoka. Sababu yenyewe ni nzuri kuliko hiyo, na jikoni pa Nairobi panaieleza. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya bahari, huchemka kwa nyuzi 94 hivi, ndiyo maana maharagwe huchelewa kuiva huku. Hewa inayoyakandamiza maji ni pungufu, kwa hiyo yanageuka mvuke kabla ya kufikia joto la pwani. Mwamba wa mantili una tabia iyo hiyo. Kule chini una joto la kutosha kuyeyuka ila mgandamizo unauzuia. Bamba likikonda, mantili hupanda kujaza nafasi, mzigo juu yake hupungua, na sehemu yake ndogo huyeyuka bila kuongezewa joto lolote. Umajimaji huo, magma, ni mwepesi kuliko mwamba uliouzunguka, basi hupanda.

Jiji letu limejengwa juu ya umajimaji huo uliopanda zamani, na kwa huo huo. Mawe ya Ndarugo yanayokatwa kwa mashine Juja na kubebwa na malori mpaka kila mtaa unaojengwa ni majivu ya volkano yaliyogandamana yakawa jiwe. Kokoto nyeusi za machimbo ya Athi River na Mlolongo ni fonolaiti, jiwe lililopewa jina kwa sababu hulia ukiligonga. Zaha yake, yaani lava, ilitiririka ikafunika nyanda hizi kama miaka milioni 13 iliyopita. Udongo mwekundu wa mashamba ya Kiambu na ule mweusi wa Embakasi, unaovimba wakati wa mvua na kupasua kuta za nyumba zisizokuwa na msingi mzuri, yote miwili ni miamba hiyo iliyooza, mmoja mahali penye mvua na mteremko, mwingine tambarare maji yanapotuama. Milima ya Ngong ni nusu ya volkano. Nusu ya magharibi ilishuka na bonde, iliyobaki ndiyo ile inayofanana na vifundo vya ngumi kutoka jijini. Shangazi yangu anaishi kwenye nusu iliyobaki.

Mabamba hayaachani tu. Mengine hugongana, na hapo hutegemea nani amekutana na nani. Bara la Hindi, lililokuwa jirani yetu wa ubavuni kabla ya bahari kufunguka kati yetu, lilisafiri kaskazini likaigonga Asia yapata miaka milioni 50 iliyopita. Hakuna aliyekubali kuzama, ardhi ikakunjamana ikawa Himalaya, na ndiyo maana kileleni Everest kuna mawe yenye mabaki ya viumbe wa baharini. Pale ambapo bamba la bahari linakutana na jingine, lile zito hupiga mbizi, hukwama, na likijinasua husukuma bahari. Tarehe 26 Desemba 2004 lilijinasua karibu na Sumatra kwa tetemeko la ukubwa wa 9.1, na mawimbi yake yakavuka bahari nzima mpaka pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania. Na mengine hupitana ubavu kwa ubavu, kama ilivyokuwa Uturuki Februari 2023.

Ninalotaka kulikalia zaidi ni swali ambalo vitabu vingi hulipita mbio: ni nani anayetuvuta sisi? Katika Pasifiki jibu liko wazi. Sakafu ya bahari iliyozeeka huwa baridi na nzito, huzama, na ikizama huvuta iliyo nyuma yake, kama leso inayoteleza mezani baada ya pindo lake kuning'inia. Lakini Afrika haina pindo la namna hiyo, isipokuwa kipande kidogo kaskazini chini ya Mediterania. Magharibi, kusini na mashariki imezungukwa na milima ya chini ya bahari inayozalisha sakafu mpya. Kwa hesabu ya kawaida tungetarajia ibanwe, wala si ivutwe.

Mawimbi ya matetemeko, yanayopita ndani ya dunia na kupungua mwendo yakikuta mwamba wenye joto zaidi, yameonyesha kinachoendelea. Kuna eneo kubwa la mantili yenye joto linaloanzia chini kabisa, karibu na kiini cha dunia, upande wa kusini mwa Afrika, na kupanda likiinama kuelekea Ethiopia. Limeinua ardhi ya Afrika Mashariki. Nyanda za juu za Ethiopia na Kenya, pamoja na baridi ya Julai ya Nairobi, zinatokana kwa sehemu kubwa na kuinuliwa huko. Na ardhi iliyoinuliwa hutaka kutawanyika, kama rundo la mchanga lisilokuwa na ukingo. Uzito wake wenyewe unaivuta pande mbili.

Inapopasukia napo si ovyo. Kitambaa kikuukuu hupasukia kwenye mshono. Chini ya Ziwa Victoria na katikati ya Tanzania kuna jiwe la kale mno, nene na gumu, na ufa umeshindwa kulipasua. Ukalizunguka, tawi moja magharibi kupitia Ziwa Tanganyika, jingine mashariki kupitia kwetu. Tawi letu limefuata ukanda ambao mabara ya kale yaliungana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ni mshono wa zamani unaofumuka.

Na kama kuna mtu anayetaka kujua Bonde la Ufa likifanya kazi yake kweli linakuwaje, wengi wetu tulilihisi. Julai 2007 Nairobi ilitikisika, mara ya kwanza, mara ya pili, siku baada ya siku. Nakumbuka watu wakishuka ngazi za majengo ya katikati ya jiji wakiwa na mafaili mkononi, wakisimama barabarani wakitazama juu. Tetemeko kubwa zaidi, la tarehe 17 Julai, lilikuwa la ukubwa wa 5.9, na chanzo chake kilikuwa karibu na Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Wanasayansi walipolinganisha picha za setilaiti za kabla na za baada waligundua kwamba magma ilikuwa imejipenyeza ardhini kama ukuta uliosimama wima, ikakipanua kipande hicho cha bonde kwa zaidi ya mita moja ndani ya muda mfupi. Wiki chache baadaye volkano ya Ol Doinyo Lengai iliyo jirani ikaanza kulipuka. Haya ndiyo mabamba. Milimita chache za kila mwaka huwa deni linalojilimbikiza kimya kimya, kisha hulipwa kwa mkupuo mmoja. Kule Dabbahu nchini Ethiopia, Septemba 2005, mkupuo ulikuwa mkubwa zaidi. Ufa wa kilomita 60 ulipanuka mpaka mita 8 mahali pengine. Na Kenya yenyewe ililipa tarehe 6 Januari 1928 huko Subukia, kwa tetemeko la ukubwa unaokaribia 7. Wakati huo hakukuwa na ghorofa za watu elfu. Leo zipo, Nakuru na Nairobi pia, na nyingine zimejengwa kwa namna inayonitia hofu kuliko korongo lolote.

Kati ya mkupuo na mkupuo, deni hupimwa. Pale Kasarani, katika kituo cha kikanda cha ramani, kuna kipokezi kinachosikiliza setilaiti mchana na usiku na kuweka kumbukumbu ya mahali kilipo kwa usahihi wa milimita. Kipo kingine Malindi, kingine Mbarara nchini Uganda, na vingine vingi. Linganisha safari zao kwa miaka na utaona Kasarani na Malindi wakienda pamoja, na Mbarara akibaki nyuma kidogo kidogo.

Kwa hiyo siku moja kutakuwa na bahari Naivasha? Kila mwandishi wa habari hutaka jibu la ndiyo. Ethiopia, kwenye nyanda za Afar, gamba, yaani sehemu ya juu ya bamba, limekonda sana na ardhi imeshuka chini ya usawa wa bahari. Huko bahari inakaribia kuzaliwa, na Bahari Shamu ya jirani ilizaliwa hivyo hivyo. Kwetu sina hakika, na nina sababu. Kaskazini mwa Kenya, kutoka jangwa la Chalbi kuelekea Lamu, kuna bonde jingine la ufa linaloitwa Anza. Lilifunguka enzi za dinosau, likavutwa, likashuka kwa kilomita kadhaa, kisha likaacha. Mchanga na matope vikalijaza. Leo unaweza kupita juu yake usione hata tuta, na limejulikana kwa vipimo na visima vya kutafuta mafuta. Ufa unaweza kukata tamaa.

Nilimweleza shangazi haya yote sebuleni kwake, tukinywa chai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Hayo mawe ya volkano, maji yakipita ndani yake yanabaki mazuri?"

Alikuwa amepanga kuchimba kisima. Nikamwambia ukweli: miamba hii hutoa floridi, na kutoka Nakuru mpaka Nairobi kuna visima vyenye floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo inayowapa watoto wa bondeni meno ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa. Kuchemsha hakusaidii.

Kisima kilichimbwa Agosti. Kabla ya mtu yeyote kuonja, alijaza chupa mbili, akaziandika tarehe kwa kalamu ya wino, na akanipa nizipeleke maabara.